Mkono Ufike Chini

Mwaka wa 1998, ukishuka stendi ya Kitengela na kuulizia aiskrimu, ungeelekezwa Noonkopir, kwa Mama Kalunde. Jina lake hasa ni Mukai. Alikuwa na chumba kimoja cha mabati, friza moja, na mdomo usiojua kunyamaza. Watoto walimpenda. Hata wazee walisimama kwake wakitoka kanisani. Walisema wanawanunulia wajukuu, kisha wakailamba wenyewe njiani.

Maziwa yalitoka Kisaju. Wanawake tisa wa Kimasai walikamua alfajiri, na mkubwa wao, Nairukoki, ndiye aliyeyaleta. Kwa maziwa hayo walinunua unga, sukari na vitabu vya watoto. Mukai alijivunia jambo hilo.

"Mimi siuzi aiskrimu tu," alipenda kusema. "Niko na familia tisa nyuma yangu."

Februari ilipofika na joto lake, watoto watano wa Noonkopir waliugua tumbo. Mwihaki, binti wa jirani yake Wanjira, alihara na kutapika mpaka akalazwa. Wote walikuwa wamekula aiskrimu Jumapili.

Wanjira alikuja na macho mekundu. "Mama Kalunde, umelisha mtoto wangu nini?"

Mukai aliogopa, na mdomo ukatangulia. "Si mimi! Ni haya maziwa ya Wamasai. Ni wachafu hao!"

Maneno hayo yalienea mtaa mzima kabla jua halijatua. Kesho yake Nairukoki alifika na mitungi yake miwili ya plastiki.

"Takwenya, yeyo," Mukai alimwamkia kwa Kimasai, akimwita mama kama kawaida. Lakini hakumtazama.

"Iko," Nairukoki aliitikia salamu. "Lete sufuria nimwage."

"Rudi nayo. Watoto wamekuwa wagonjwa. Sitaki maziwa yenu tena."

Nairukoki aliifunika tena mitungi. "Miaka tatu nimekuletea. Leo mimi ni mchafu?"

Akaondoka na mitungi yake. Sokoni hakuna aliyemuuliza bei. Maziwa ya familia tisa yaliharibika siku hiyo, na siku iliyofuata pia. Mukai aliona haya, lakini akajikaza.

Siku ya tatu alikuja Selpha, afisa wa afya wa zahanati. Hakuja kugomba. Aliketi juu ya kreti ya soda, akataka kuelezwa kazi yote tangu mwanzo.

"Maziwa yakifika, unachemsha?"

"Kuchemsha? Hapana, madam. Hiyo ni kumaliza makaa bure. Naweka sukari na vanila, natia kwa friza. Si barafu inaua kila kitu?"

"Haiui. Baridi inalaza viini vya ugonjwa tu. Vikifika kwa tumbo la mtoto, kwenye joto, vinaamka."

Selpha aliokota mtungi wa zamani uliobaki pembeni. "Ingiza mkono, usugue chini."

Mukai alijaribu. Vidole vinne viliingia, kiganja kikakwama.

"Sasa nusa."

Alinusa, akakunja uso. Ndani kulikuwa na utando wa maziwa yaliyochacha. Hakuna sabuni iliyowahi kuufikia.

"Hawa mama walikuwa wanabeba maziwa na vibuyu," Selpha alisema. "Wanasugua ndani na kijiti cha moto cha mti wa oloirien, mpaka moshi unashika. Bado unachemsha, lakini kibuyu chao ni safi. Plastiki huwezi kusugua hivyo, itayeyuka. Nani aliwaambia waache vibuyu?"

Mukai aliketi. Wateja ndio waliolalamika kwamba aiskrimu inanuka moshi. Naye akanunua mitungi iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, akampa Nairukoki na kumwamrisha aitumie.

"Ni mimi," alisema mwishowe.

"Basi turekebishe. Tafuta mikebe ya alumini, yenye mdomo mpana. Mkono ufike chini. Ioshwe na sabuni na maji moto, ianikwe juani mdomo ukiangalia chini. Maziwa ya jana jioni yasichanganywe na ya leo. Yakifika, chemsha yatokote. Funika, weka sufuria kwa karai ya maji baridi, yapoe haraka. Halafu sasa ndiyo uweke friza."

"Nitafanya yote. Na Nairukoki?"

"Mikebe unaweza kununua," Selpha alisema. "Jina lake utarudisha mwenyewe."

Mukai alikwenda Kisaju. Nairukoki alimpa kigoda na chai ya maziwa, kama mgeni mwingine yeyote. Wema huo ulimchoma Mukai kuliko matusi.

"Yeyo, nilikosea. Nisamehe."

"Umeniambia hapa, ng'ombe wamesikia," Nairukoki alijibu. "Lakini ulinitukana Noonkopir."

Jumamosi Mukai alisimama mbele ya chumba chake, Nairukoki kando yake na mkebe mpya, mtupu. Watu walijaa, wengine wamekuja kucheka tu.

"Hawa mama si wachafu," Mukai alisema. "Mitungi mibaya niliwapa mimi. Kuchemsha, nilikataa mimi. Watoto waliugua kwa makosa yangu. Mama Mwihaki, nisamehe."

Hakuna aliyenunua. Kisha Wanjira akasogea, amemshika mkono Mwihaki aliyetoka hospitali akiwa amekonda. Wanjira alikunja sweta hadi kiwiko, akaingiza mkono ndani ya mkebe hadi chini, akapapasa, akautoa na kuunusa.

"Umechemsha?"

"Imetokota mbele ya macho yangu," Nairukoki alijibu kabla Mukai hajafungua mdomo.

"Mpe Mwihaki moja," Wanjira alisema. "Na mimi moja."

Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyeugua kwa aiskrimu ya Mama Kalunde. Kila mwanamke alipata mkebe wake. Lakini mikebe huoshwa kwa maji, na Kisaju maji yalikuwa mbali. Basi Mukai na wale tisa wakakubaliana: faida ya kila Jumamosi iwekwe kando.

Mwaka wa 2001 tangi la maji lilisimama Kisaju. Walimpa Nairukoki heshima ya kufungua bomba la kwanza. Watu walisubiri anywe. Hakunywa. Aliinama, akauosha mkebe wake.