Droo Yangu Mbovu

"Uzoefu unao?"

Swali hilo nililisikia katika karakana tatu za useremala. Kwenye ya tatu nikadanganya. "Ninao!" Fundi akanipa randa ya kulainishia mbao. Nikaishika makali juu. Weee! Mafundi walicheka hadi machozi. Nikatoka na aibu yangu.

Nyumbani nilimkuta mama anapigana na droo ya jikoni. Niliitengeneza mwenyewe kwa mbao za kitanda kilichovunjika, na ilikwama kila siku.

"Mwanangu, useremala achana nao."

"Sitaki kingine, mama! Nautaka huo huo."

Jirani yetu fundi umeme, tunayemwita Mama Waya, alikuwa anapita mlangoni, akatusikia.

"Kosa lako unaomba kazi," alisema. "Omba kujifunza. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi, uzoefu autoe wapi? Karakana ya nyuma ya shule inatafuta mwanagenzi mmoja. Mwisho ni leo. Wapelekee kitu ulichotengeneza."

"Nina droo tu, tena mbovu!"

"Peleka hiyo hiyo. Wakikukubali, uliza mafunzo ni ya muda gani na kama kuna cheti. Yaandikwe, msaini."

Mama akamwaga vijiko mezani. "Haya, mbio! Kuuliza si ujinga."

Nilikimbia na droo kichwani. Fundi mkuu, mzee mwenye penseli sikioni, akaniangalia.

"Uzoefu unao?"

Nikaishusha droo. "Sina, mzee. Nina hii. Inakwama na sijui kwa nini. Naomba unifundishe."

Akaigeuzageuza. "Upande huu umezidi. Ulipimia nini?"

"Mwiko wa mama."

Akacheka mpaka penseli ikaanguka. Kisha akaniwekea randa mkononi, makali chini, akaniongoza. Upande uliozidi ukaanza kutoa maranda membamba. Jamani, raha niliyoisikia!

"Anza Jumatatu, saa mbili. Wengine waliniambia wanajua kila kitu. Wewe umeniletea kosa lako."

Nikauliza maswali ya Mama Waya. Miaka miwili, na cheti mwishoni. Tukaandika, tukasaini.

Jioni nilirudisha vijiko ndani ya droo, na droo mahali pake. Mama akaivuta kwa nguvu zake zote, kama alivyozoea. Droo ikachomoka, vijiko vikaruka jikoni kote!

"Ala! Fundi, utaniua!"

Fundi! Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Niliokota vijiko kimoja kimoja, huku nacheka.