Dodoki la Ijumaa

Kila Ijumaa asubuhi nyumba ya Najat, katika mtaa wa Mabawa, ilinukia sabuni. Alisugua sakafu, akasugua mtungi, akasugua masufuria, mpaka majirani wakamtania kwamba siku moja atamsugua paka. Paka hakuwa naye. Alikuwa na samaki.

Walikuwa samaki wadogo wa Mto Pangani, urefu wa kidole. Binamu yake, Uweso, aliwaleta kwa ndoo kutoka Mwera kwa ajili ya Mzee Kombo, baba yake Najat. Tangu apooze upande mmoja, mzee alilala akiutazama ukuta, hasemi neno. Najat akaweka tangi la kioo mbele ya kitanda. Mzee akageuza kichwa. Baada ya siku chache akaweza kuketi, na Najat akaenda jikoni kulia kwa furaha.

Kisha samaki wakaanza kufa. Waliletwa kumi na wawili, sasa walibaki watano. Kila mmoja alipokufa, mzee hakugusa uji siku hiyo. Najat alishikwa na hofu. Wakiisha hawa, baba atarudi kuutazama ukuta.

Basi akazidisha usafi. Ijumaa hiyo alimwaga maji yote, akasugua kioo na mawe kwa dodoki na sabuni, akajaza maji ya bomba, akawarudisha samaki. Wakapanda juu, midomo wazi, wakihema. Mmoja akalala ubavu.

Mzee Kombo akaanza kugeuza uso kuelekea ukutani.

Najat alitoka mbio bila ndala. Jirani yake Consolata, mtaalamu wa ufugaji wa samaki, alikuwa akianika nguo. Alikuja, akainama, akanusa yale maji. Akauliza samaki hufa siku gani.

"Jumamosi," Najat alisema. Akahesabu kwa vidole. "Karibu wote, Jumamosi."

"Baada ya usafi wako, shoga."

Najat akalitazama dodoki lake. Kumbe ni yeye aliyekuwa akiwaua.

Consolata hakumbembeleza. Alitaka maji yaliyokaa. Uani kulikuwa na pipa lisilo na kifuniko, limejazwa juzi kwa ajili ya kumwagilia mchicha. Wakachota beseni, wakawahamisha samaki kwa chujio la chai. Wakasubiri. Najat hakuthubutu kumtazama baba yake.

"Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu," Consolata alisema taratibu. "Sisi hayatudhuru. Samaki yanamchoma matamvua, pale anapopumulia. Yaache wazi kwenye ndoo siku nzima au mbili, dawa ipungue."

"Na dodoki?"

"Ule utelezi kwenye mawe unauona uchafu. Mna vijidudu vizuri mle, ndivyo vinavyokula kinyesi cha samaki. Ukiusugua, samaki wanabaki kuogelea kwenye choo chao."

Akamfundisha na mengine. Kila wiki apunguze robo tu ya maji, aongeze yaliyokaa. Mawe ayasuuze kwa maji yaliyotoka tangini, bila sabuni. Chakula kiwe chembe chache, zinazoliwa papo hapo. Na tangi lisipigwe na jua la dirishani.

Yule aliyelala ubavu hakuamka. Wanne wakatulia, wakashuka chini ya beseni. Wanawake wakalisuuza tangi mpaka sabuni ikaisha, wakalijaza maji ya pipa, wakawarudisha samaki. Mzee alikuwa bado anatazama.

Zikapita Jumamosi kadhaa bila kifo. Mawe yakaota ukijani. Ijumaa moja, katikati ya usafi, Najat alisimama mbele ya tangi, dodoki mkononi, vidole vikimwasha. Akaona asugue jiwe moja tu.

Nyuma yake kitanda kililia. Mzee Kombo alikuwa ameketi, mguu chini, kikombe cha kuchotea maji ya tangi katika mkono wake mzima.

"Najat," alisema kwa ulimi mzito. Tangu augue hakuwahi kulitaja jina hilo. "Weka chini hilo dodoki."

Najat akaliweka, akaenda kumshikia ndoo.