Hema la Sampuli

Mfuko ulirudi mzito kuliko ulivyokwenda. Mama Turubai aliujua uzito wa hema lake kama mama anavyoujua uzito wa mwanawe, maana alilishona mwenyewe, mshono kwa mshono, na siku ya kulipeleka Idara ya Wanyamapori alilibeba begani peke yake huku akipiga mluzi. Siku ya kulichukua alihitaji mtu wa kumsaidia kuinua.

Hakuuliza kwa nini. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu. Msimu uliopita aliomba zabuni ya mahema ya kambi za doria, pamoja na kazi ya kuyasimika na kuyatengeneza kulekule porini, akakosa. Mishono yake ilisifiwa, turubai lake likasifiwa, kisha akaambiwa tu kwamba hema halikumaliza jaribio. Askari waliopewa walale ndani yake walilala usiku mmoja, wa pili wakahamia chini ya lori, na hakuna aliyetaka kusema wamekimbia nini. Sasa zabuni ileile ilikuwa imetangazwa upya. Turubai jipya hakuwa nalo, kwa hiyo sampuli ya zamani ndiyo ingerudi ulingoni. Akikosa na safari hii, cherehani zingefunikwa, na yeye na mumewe wangerudi kutia viraka magunia ya watu.

Mtunza stoo wa idara, mtu mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi, alimwuliza, "Unapokea hema na vyote vilivyomo?" Akasema ndiyo. Akaulizwa tena, kwa maneno yaleyale. Akasema ndiyo. Mara ya tatu akachoka, akajibu kwamba anapokea na vyote vilivyomo, na kama kuna nge basi na huyo nge anampokea. Mtunza stoo akashusha pumzi ndefu, akafunga dirisha lake. Hata kwaheri hakumwambia.

Nyumbani palikuwa na karakana mbele, vyumba nyuma, na ua katikati. Mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kukata turubai na kumwita mkewe "Bosi" mbele ya wateja na hata wasipokuwepo, alilisimamisha hema uani. Halikuwa na doa wala tundu. Ila lilinuka mvua, ile harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, na nyuma yake harufu ya beberu, wakati msimu ule mbingu haikuwa imedondosha hata tone. Wifi yake, dada wa huyo mume, aliyeshona kwenye cherehani ya pili na ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, akasema hema hilo limetembea kuliko wao wote.

Walilala wameliacha likitazama lango. Asubuhi lilikuwa limegeuka, mlango wake ukitazama mlango wa nyumba, vigingi vimezama ardhini hadi shingoni, na hakuna aliyesikia nyundo. Mume akamsingizia dada yake. Dada akaapa kwamba yeye nyundo huiona kwa wanaume tu. Wakacheka wote watatu, lakini Mama Turubai alipovuka ua kwenda kuchota maji, alijikuta amelizunguka hema kwa mbali, akajionea aibu.

Hema hukaguliwa saa saba mchana, jua likiwa utosini. Mmoja anaingia, anafunga zipu, anatazama juu; tundu lolote la sindano lililozidi kipimo huwaka kama nyota. Akiliona analisukuma kwa kidole, turubai linavimba kwa nje, na aliye nje anapiga alama ya chaki ili baadaye mahali hapo pazibwe. Mume akaingia. Mama Turubai akabaki nje na chaki yake.

Kidole kikajitokeza karibu na mlango. Akapiga alama. Kikajitokeza ubavuni, akazunguka, akapiga. Kikajitokeza upande wa pili kabla hajamaliza, akacheka, akamwambia mumewe asimkimbize mtu mzima. Kisha kikajitokeza juu kabisa, kwenye paa, mahali ambapo mtu hafiki bila kupanda kitu, na kile kikiwa bado palepale kinasukuma, kingine kikajitokeza chini karibu na unyayo wake, na kingine kule ubavuni juu ya alama yake ya chaki, vyote kwa pamoja, vikibonyeza taratibu kama mtu anayepima tunda kama limeiva.

"Fundi," alinong'ona, "mko wangapi humo?"

"Niko peke yangu, Bosi," sauti ya mumewe ikajibu. "Subiri kidogo. Bado nahangaika na zipu, sijaanza."

Hapo mtu mwenye akili angeling'oa hema akalichoma moto. Mama Turubai alikuwa na akili, lakini alikuwa pia na zabuni, na mwisho wa kupokea sampuli ulikuwa Ijumaa. Akajiambia ni upepo. Akaziba matundu yote yenye chaki, hata lile la paani, na kila alipochoma sindano alihisi turubai linarudi nyuma kidogo, kama ngozi inayoogopa kuchomwa.

Mume akalizoea. Kila mchana, badala ya kujinyoosha chumbani, aliingia humo, akidai kuna ubaridi mzuri. Alitoka bila tone la jasho, ngozi baridi, mbegu za nyasi zimenasa kwenye suruali, na uani kwao hapakuwa na jani hata moja la nyasi. Utani ukamwisha. Akaacha kusema "humo", akaanza kusema "huko". Alimweleza mkewe kwamba huko ni kupana sana, na yuko mwenyeji mkarimu asiyetaka chochote ila mazungumzo.

"Mnazungumza nini?"

"Mambo ya nyumbani tu. Nani analala upande gani. Wewe chai yako unaipendaje."

Mama Turubai akaweka sindano chini. Akamkataza kuingia, mume akaitikia vizuri, na alipogeuza mgongo tu akasikia zipu. Tangu hapo hakutulia. Alikuwa akishona mstari mmoja anainuka, anakwenda dirishani, anarudi, anakuta amesahau alipoishia, wifi yake anamtazama bila kusema, na wifi yule kunyamaza ilikuwa habari mbaya kuliko zote. Akimwita mumewe, jibu lilichelewa. Siku ya kwanza lilichelewa kama la mtu aliyeamshwa usingizini, siku iliyofuata aliita akamaliza kukunja vitambaa ndipo akasikia "naam", na Jumatano aliita, akangoja, akaita tena, akaona hawezi kungoja zaidi, akaivuta zipu mpaka mwisho na kuchungulia, na ndani mlikuwa na sakafu ya turubai aliyoishona mwenyewe, na kuta nne alizozishona mwenyewe, na hapakuwa na mtu yeyote, na akiwa bado ameinama hivyo, mkono wake mmoja ukiwa umegusa sakafu ile tupu, sauti ya mumewe ikamjia usoni kutoka mbali, mbali kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde, ikisema, "Naam, Bosi, nakuja."

Alitoka humohumo, jioni, akiwa ameloa.

Wifi akaenda kumleta mganga. Mama Turubai alitarajia kizee. Akaja mwanamke mdogo kuliko yeye, mwenye miwani, akalizunguka hema mara moja bila kuligusa, kisha akataka kujua jambo moja tu: siku ya kulichukua aliambiwa nini, naye alijibu nini. Akaelezwa. Akavua miwani, akaifuta.

"Kule porini askari walilisimika juu ya makao ya huyu aliyemo," alisema kwa sauti ya chini. "Akalipenda, akahamia. Mtunza stoo akalipokea kwa mdomo wake, likamtesa, akakubwagia wewe. Na wewe umelipokea kwa mdomo wako. Huyu hatoki kwa moto wala kwa ubani. Anatoka kwa kukabidhiwa mwingine. Huyo mwingine umwulize mara tatu, akubali mara tatu."

"Na mume wangu?"

"Akiwamo, usilikabidhi. Simama mlangoni, umwite, ungoje aitike. Akishaitika, atatoka. Hapo ufunge. Usifunge kabla hujamsikia ameitika, hata iweje."

Alhamisi mchana mume alimponyoka mkewe akaingia, na jioni hakutoka. Mama Turubai hakuthubutu kuifungua zipu gizani; alikesha kwenye kiti uani, roho mkononi, akilisikiliza hema likipumua. Ijumaa kulipopambazuka lori la kukodi lilikuwa limekwishafika langoni, dereva akipiga honi, akilalamika kwamba ana mizigo mingine inayomngoja. Mama Turubai akapiga moyo konde, akafungua zipu.

"Fundi," aliita. "Toka. Twende nyumbani."

Akatoka palepale. Alitoka ameinamisha kichwa, nywele zinachuruzika maji, akasimama mbele ya mkewe akitetemeka, na Mama Turubai akamkumbatia huku analia, akamvuta pembeni, akaishusha zipu kwa nguvu mpaka kidole kikamchunika.

"Ameitika?" wifi aliuliza kutoka mlangoni.

"Ametoka," Mama Turubai alimjibu. "Unataka nini tena?"

Wakakunja haraka. Alipokuwa akifunga kamba alidhani amesikia mtu akiita mahali fulani, ng'ambo ya ukuta labda, na honi ikalia tena.

Kule idarani mtunza stoo aliuona mfuko kabla hajamwona mwenyewe. Akateremsha dirisha nusu. Akamwambia hema hilo halipokei, amsamehe, ana watoto. Mama Turubai hakubishana naye, maana angemlaumuje. Pembeni, akizungukazunguka mikono mitupu, alikuwapo Dalali, mzabuni asiyejua hata kutia uzi kwenye sindano, aliyezoea kuomba zabuni kwa sampuli za kuazima. Siku hiyo hakuna aliyemwazima. Alipoona mfuko uko chini na mwenyewe hana mpango nao, akaja mbio, akabembeleza.

Mama Turubai alimwonea huruma, na tusidanganyane, huruma yenyewe ilikuwa fupi. Alifikiri juu ya mke wa huyu, kisha akafikiri juu ya mumewe yeye, amelala nyumbani kitandani kwake. Akamwuliza, "Unapokea hema na vyote vilivyomo?"

"Napokea."

Akamwuliza tena. Na tena.

"Napokea, mama, napokea," Dalali akacheka. "Kwani unanifungisha ndoa?"

Alirudi kwa miguu, mabega mepesi, zabuni imekwenda na maji. Njiani alilia, kisha akajishangaa kwamba kilio chenyewe ni cha furaha. Cherehani zifunikwe. Magunia yashonwe. Mtu wake anaye.

Na kweli alimkuta mezani, amekwisha kuoga, ua umefagiliwa, chakula kimepikwa. Alikuwa amemtengenezea chai. Katika ndoa yao yote mwanamume huyu hakuwahi kubandika maji jikoni, na chai ile ilikuwa sawasawa na vile alivyoipenda, moto wake, utamu wake. Alimwita "mke wangu" kwa upole, akamvutia kiti. Mama Turubai akaona haya ndiyo majuto ya mtu aliyenusurika. Wifi alikuwa amekwenda kwake mapema, wala hakuaga.

Simu ikalia. Alikuwa Dalali.

"Mama Turubai, huu mchezo gani?" Alizungumza chinichini, kama anayeogopa kusikiwa ndani ya ua wake mwenyewe. Stoo walilikataa hema, akalibeba kwake, akalisimika ili aone kasoro yake. "Mumeo anafanya nini humu? Namsikia. Sauti yake naijua. Lakini nikifungua, simwoni mtu."

Mama Turubai akainua macho. Ng'ambo ya meza, mumewe alikuwa ameacha kutafuna. Alimtazama bila hasira, kama mgeni anayengoja mwenyeji amalize shughuli zake.

"Sogeza simu mlangoni," alimwambia Dalali.

Kwanza ulisikika upepo tu, upepo wa mahali pasipo na kuta. Halafu, mbali mno, ikasikika sauti ya mtu anayekimbia na aliyechoka kukimbia, akiuitika mwito wa asubuhi ile.

"Naam, Bosi. Nimekusikia. Nakuja, usifunge."

Yule wa mezani akanyoosha mkono, akaifunika simu kwa kiganja chake cha baridi.

"Kunywa chai, mke wangu," alisema. "Inapoa."