Kamba Wasiomenywa

Enyi majirani, mnaopenda kualika na mnaopenda kualikwa, tulieni niwape kisa hiki. Kinatuhusu sote, hata wewe unayejifanya husikii.

Palikuwa na mshonaji mmoja, mtaa mzima ukimwita Fundi. Jumamosi asubuhi nyumba yake ilitulia. Dirisha lilikuwa wazi, watoto wamekwenda kucheza, na cherehani ilitembea vizuri juu ya sare za shule. Fundi aliipenda saa ile kuliko zote za wiki. Mara mlango ukasukumwa kwa goti, mumewe akaingia na ndoo mbili.

"Mama watoto, leo tuna wageni!"

Mume huyu walimbandika jina la Karibuni, na jina lilimkaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na mdomo mwepesi wa kualika na miguu mizito ya kuingia jikoni. Akipita soko la samaki alinunua kamba, ngisi na kaa, na kila aliyekutana naye njiani alimwambia aje ale. Kumenya, kuosha, kupika, yote yalimwangukia Fundi. Tena katika ukoo ule marehemu mama mkwe aliacha usemi wake, kwamba chungu kikishikwa na mikono mingi hakinogi. Usemi mtamu kweli kwa wenye mikono ya kupumzika!

Basi siku hiyo Fundi alikuwa akimenya peke yake, pembe ya kamba, ule mwiba wa kichwani, ikamchoma kidole cha shahada. Akafyonza damu na kuendelea, kwani wifi yake alikuwa ameshapaza sauti kutoka sebuleni, "Wifi, bado tu?"

Katikati ya wiki kidole kilivimba kikawa chekundu hadi kiganjani. Zahanatini daktari alikipasua akatoa usaha, kisha akamtazama usoni.

"Mama, ungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumzia kukikata. Usikiloweshe, usiguse samaki mpaka kidonda kifunge. Kikichafuka tena, siahidi kitu."

Fundi aliogopa, wala hakuficha hofu yake. Kidole hicho ndicho kilichoongoza kitambaa chini ya sindano, na sindano ndiyo iliyolisha na kusomesha watoto mshahara wa baba yao ulipopelea. Alipomweleza mumewe, Karibuni alisema, "Pole sana, mke wangu," akalala.

Jumamosi iliyofuata akaingia na ndoo tatu. Safari hii alikuwa amemwalika tena na msimamizi wake wa kazini.

"Na kidole changu?" Fundi akauliza.

"Vaa mfuko wa plastiki mkononi, mbona rahisi!"

Fundi aliutazama ule mfuko aliokuwa akinyooshewa. Akausukuma kando.

"Sivai. Na leo simenyi."

"Watu wameshaalikwa! Unataka kuniaibisha?"

"Nataka kubaki na kidole, baba watoto. Hao wageni wako waache waje."

Alitandika plastiki kubwa juu ya meza ya sebuleni, kwa mkono wa kushoto. Akamwamuru mumewe apange mabeseni, visu na zile ndoo tatu, kisha akaketi, mkono wenye bandeji kifuani. Karibuni alimbembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Fundi hakusogea.

Wifi alifika wa kwanza, amependeza na manukato yake, nyuma yake msimamizi. Wote wawili wakasimama mlangoni wakiwatazama kamba, na kamba wakiwatazama wao.

"Karibuni," alisema Fundi. "Chakula ndicho hiki. Nitawaelekeza, ila sishiki. Leo anayekula na amenye."

"Makubwa haya!" wifi akashika kiuno. "Mgeni amenye kamba? Mama angekuwa hai..."

"Angekuwa hai, wifi, ningemwonyesha hiki."

Akafungua bandeji. Kidole kilikuwa kimepasuliwa ubavu, nyama iko wazi, kingo za jeraha zimegeuka rangi. Wifi mikono ikamshuka yenyewe. Lakini aliyebadilika uso kuliko wote alikuwa Karibuni, maana ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona jeraha hilo.

"Sikujua kimefika hapa," alisema polepole.

"Hukuuliza."

Ndugu zangu, neno hilo moja lilimpiga kuliko tusi. Msimamizi ndiye aliyeokoa hali. Alivua saa akaitia mfukoni.

"Nipeni kisu. Nimekula humu mara nyingi, na sijui hata kamba anaanziwa wapi."

"Kichwani," Fundi akamwambia. "Shika, zungusha, vuta. Sasa pasua mgongo utoe ule uzi mweusi. Taratibu na hiyo pembe!"

Karibuni alikabidhiwa ngisi. Alimminya pasipotakiwa, wino ukamrukia shati lote, na wifi akacheka mpaka akakaa chini. Alipoinuka akakunja mikono ya gauni na kuvuta beseni. Hakufika mbali kabla na yeye hajachomwa na pembe. Alikitazama kidole chake kwa muda.

"Wifi, nisamehe," alisema. "Miaka yote hii umetumenyea sisi."

Walikula jua likielekea kuzama. Mchuzi ulizidi chumvi, na kamba wengine walikuwa bado na uzi wao mgongoni. Fundi alikula kidogo, kwa mkono ambao hakuuzoea, huku mumewe akiosha masufuria jikoni.

Kidole kilipona, lakini mpaka leo hakikunjiki. Fundi alijifunza upya kuongoza kitambaa kwa kidole cha kati, na mishono yake ya kwanza ilikwenda upande. Mumewe hukaa karibu naye akifumua iliyoharibika, na hakuna aliyemtuma.

FUNZO

Ukarimu unaofanywa kwa mikono ya mwingine si ukarimu, ni sifa za kuazima. Mwenye nyumba, kabla hujamwalika mtu, ingia jikoni uone nani anaumia. Mgeni, usione haya kushika kisu. Nawe unayeumia kimya kimya ili wengine wafurahi, sema leo. Fundi alisema, na bado alichelewa.