Kiatu cha Ndani ya Dohani

Nina hasira mpaka leo, na asinitokee mtu wa kuniambia nitulie.

Jioni ile ya Novemba nilienda Weston, hapa hapa Kanada, kumalizia kazi kwa Bi Khairunissa, mjane wa Tanga aliyenunua nyumba ya zaidi ya miaka mia. Mimi ni mwanamke fundi wa matofali. Alitaka meko yake ya ukutani, ile ya kuchomea kuni, niibomoe kidogo nimwekee jiko la gesi la kupashia nyumba joto. Mlezi wa mwanangu alikuwa mgonjwa, kwa hiyo nilimpigia huyo bibi simu kumuuliza kama naweza kuja na Abigael. Ana miaka saba, na sina mwingine.

"Mlete tu, mwanangu," akasema. "Nyumba hii inapenda watoto."

Nikaona ni ukarimu. Mjinga mimi!

Saa kumi na moja giza lilikuwa limeshaingia. Bi Khairunissa akapanda juu kuswali. Abigael akakaa kwenye zulia anachora. Nikaingiza kichwa ndani ya dohani, lile bomba la kutolea moshi, nikang'oa tofali lililolegea, na nyuma yake nikakuta kiatu. Kiatu kimoja tu cha mtoto, cha ngozi, kimekakamaa kama samaki mkavu.

Nikakitupa kwenye gunia la takataka. Kwenye kuta za nyumba hizi nimeshakuta magazeti, chupa, hata meno. Nikatoka kuchukua saruji garini.

Sikumaliza dakika tano.

Niliporudi nilimsikia Abigael anaongea. Halafu ananyamaza... halafu anaongea tena.

"Unaongea na nani?"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba kuna msichana humo ndani, na mguu wake mmoja unasikia baridi.

Harufu ikanipiga. Masizi yaliyoloa, na nywele zilizoungua. Juu kwenye dohani kitu kilikuwa kinashuka. Tap... kisha mburuto. Tap... mburuto.

"Abi," nikanong'ona. "Njoo hapa."

Akasema hawezi. Ameshikwa.

Mkono wake ulikuwa umeingia dohani mpaka begani.

Nikaruka, nikamkamata kiunoni, nikavuta. Kitu nacho kikavuta upande wake. Abigael akapiga yowe, na nikaona miguu yake inaachana na zulia.

Sikuomba. Hilo nimeshalikiri kanisani, sirudii. Nilipandwa na hasira tu. Kwetu Nakuru mtoto akikosea barabarani unamkaripia, awe wako awe wa jirani, na mdomo wangu ulifanya ulichozoea.

"Wewe! Ala! Hebu mwachie mwenzako! Adabu umeiacha wapi? Unatembea mguu peku baridi yote hii, umejaa masizi mwili mzima, halafu unavuta watoto wa watu? Nitakuchapa mimi! Nahesabu mpaka tatu. Moja!"

Kikazidi kuvuta.

"Mbili!"

Mkono ukaachiwa. Tukaanguka chali, mimi na mwanangu, vumbi la matofali usoni. Haki ya Mungu, nilidhani nimeshinda.

Bi Khairunissa alikuwa amesimama kwenye ngazi.

"Umemwambia nini?" akanong'ona.

"Nimemgombeza!"

"Kama unavyomgombeza wako?"

"Kwani kuna kugombeza kwa namna ngapi?"

Akateremka ngazi moja. "Mafundi watatu kabla yako walimsikia analia, wakatimua mbio. Hakuna aliyemsemesha. Miaka yote hii anangoja mama wa kumkaripia, mwanangu... na wewe umemkaripia."

Nikamkodolea macho. Alijua!

"Ulijua, na ukaniambia nimlete mtoto?"

"Kila siku analia ukutani," akasema, wala hakuona haya. "Nimechoka. Nilidhani akipata mwenzake wa kucheza naye, atatulia."

Mwenzake. Mwanangu mimi! Nilimtukana mtu wa rika la mama yangu, tena matusi ya nguoni, na sijutii. Nikamuuliza kile kiatu ni cha nini. Akasema waliojenga nyumba ndio waliokificha, kwa sababu gani hajui, ila kikiwa mahali pake hakuna kinachoshuka. Basi nikakimbilia gunia nikirudishe. Nikalimwaga lote sakafuni.

Kiatu hakikuwemo.

Sikubeba nyundo wala mwiko. Nikamburuta Abigael mpaka garini, nikamsukumiza kiti cha nyuma, nikabamiza mlango. Ufunguo ukanishinda mara mbili. Bado nilikuwa nafoka.

"Funga mkanda!"

Klik.

Nikawasha gari.

Klik.

Sikutazama kioo. Nilitaka kupiga kelele, "Shuka!" Neno likafika kwenye ulimi, nikalirudisha. Nyuma yangu kulikuwa na watoto wawili wanaonisikia, na sikujua ni yupi angetii kwanza. Nikaendesha mpaka nyumbani.

Siku hizi Abigael akimwaga maziwa, nanyamaza. Akigoma kuoga, nanyamaza. Jirani yangu Nazlin anasema nimekuwa mpole, eti Kanada imenifundisha. Upole gani? Hasira ninazo tele, zimenijaa mpaka hapa kooni. Lakini nikifoka, wanakuja wawili.