Samoni Jike Juu ya Ubao

Jumamosi, tarehe 12 Agosti. Asubuhi hiyo anga lilikuwa jeupe na hapakuwa na upepo hata kidogo. Kabla watu hawajamaliza kifungua kinywa, joto lilikuwa limeshaingia bondeni. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu katikati ya Julai, na mto Lauvdøla ulikuwa umepungua hadi mawe ya katikati yakatoa migongo nje.

Sigbjørn, fundi seremala, alikaa mezani na mkewe Oddveig. Aliinamisha kichwa akamshukuru Mungu kwa mkate, jibini na kahawa. Kisha akala haraka. Siku hiyo ilikuwa zamu yao ya kuvua kwenye Kilindi cha Kinu, na zamu ya pale hupatikana mara chache.

Kwenye korido ya nyumba yao kulikuwa na samaki wawili wa mbao ukutani. Mmoja ni wa babu, mwingine wa baba. Ndivyo ilivyo desturi ya mto huu. Mtu akipata samoni mkubwa, humlaza juu ya ubao, humzungushia penseli, kisha hukata umbo lake na kulitundika. Pembeni ya samaki hao wawili palikuwa na msumari wa tatu. Baba yake Sigbjørn aliupigilia kwa ajili ya mwanawe, Sigbjørn alipokuwa bado kijana. Sasa Sigbjørn alikuwa na mvi, na msumari ulikuwa bado mtupu. Shemeji yake akija kutembea hutundika kofia yake pale, akisema msumari usikae bure.

Sigbjørn alicheka kila mara. Lakini ndani hakucheka.

Asubuhi ile alitia ubao wa msonobari kwenye gari. Oddveig aliuona, akauliza ni wa nini. Sigbjørn alimjibu kwamba huwezi kujua.

Sheria za mto alizijua. Kuanzia mwanzo wa Agosti, kila samoni jike anayenaswa lazima arudishwe majini, kwa sababu amebeba mayai ya msimu ujao. Tena chama cha wavuvi kilikuwa kimewaomba watu wavue alfajiri tu, na waache maji yakipata joto. Sigbjørn alijiambia kwamba ombi si amri.

Waliokuwa wakingoja zamu walikaa kwenye kibanda, juu kidogo ya kilindi, wakichemsha kahawa. Kona ya mto iliwaficha wasione chini. Jua lilikuwa limeshapanda pale ufito wa kuvulia wa Sigbjørn ulipopinda. Akamvuta samaki taratibu mno, maana hakutaka mshipi ukatike. Alimchosha kwa muda mrefu. Alipomleta kwenye maji mafupi, wote wawili waliinama kumtazama. Alikuwa samoni mkubwa kuliko wa baba.

"Ni jike," Oddveig alisema. "Tazama tumbo lile."

"Nimeona. Nitamrudisha."

"Basi mtoe ndoana hapo hapo majini."

"Subiri kidogo. Sheria inasema nimrudishe. Haisemi nisimchore."

Oddveig alimwambia mumewe kwamba hapendi jambo hilo. Hata hivyo alikwenda kuuleta ubao. Sigbjørn alimnyanyua samaki kwa kumshika matamvua anayopumulia, akamlaza. Ubao ulikuwa umepata moto juani. Oddveig alimkandamiza kwa mikono mikavu ili asiruke. Penseli iliteleza kwenye ute, mstari haukutokea, na Sigbjørn akaanza upya kutoka mkiani. Kinywa cha samaki kilikuwa kikifunguka na kujifunga.

"Fanya haraka, mume wangu."

"Namalizia kichwa."

Kisha alimbeba akamsukuma mtoni. Samaki alilala ubavu, akageuka, akazama kwenye kilindi.

"Umeona?" Sigbjørn alisema. "Amekwenda zake mzima."

Oddveig aliinama kunawa mikono. Viganja vyake vilikuwa vimejaa ute na magamba.

Mchana walipanda kibandani kunywa kahawa pamoja na wengine. Walikuwa bado wanazungumza habari za joto pale Aslaug alipotokea kwenye njia ya mtoni. Aslaug ni mlinzi wa mto. Kwenye mikono yake alibeba samoni jike aliyekufa. Nyuma yake alifuata Palle, mgeni kutoka Denmark, aliyekuwa amepiga hema ukingoni, chini kidogo ya kilindi.

Aslaug alimlaza samaki kwenye majani. Alieleza kwamba amemkuta amekwama kwenye mawe karibu na mahali Palle alipokuwa akivua. Ubavu mmoja ulikuwa umebanduka magamba, na matamvua yalikuwa yamechanika. Mtu alikuwa amemtoa majini, akamweka mahali pakavu, kisha akamrudisha akiwa amechelewa.

Watu wote walimtazama Palle.

Mgeni yule alijieleza kwa utulivu. Alisema hakunasa kitu tangu juzi. Vifaa vyake alivitia dawa kwenye kituo cha kusafishia vifaa kabla ya kugusa mto huu, ili asilete wadudu wa mito mingine. Ndoana zake alikuwa amezibana vijino kwa koleo ili zitoke kwa urahisi. Alizitoa mfukoni akawaonyesha.

"Ndoana safi tunaziona," alisema Halvard, mwenyekiti wa chama. "Na samaki aliyekufa tunamwona pia."

Mzee mmoja alitania kwamba huko Denmark labda samoni huoteshwa jua kabla ya kurudishwa. Watu wakacheka. Palle alikuwa mwekundu shingoni. Halvard alisema kibali cha mgeni cha kuvua kitachukuliwa jioni hiyo na aondoke mtoni. Aslaug peke yake alisema kwamba yeye hajaona nani alifanya, na kwamba kukuta samaki karibu na mtu si ushahidi.

Halvard akamgeukia Sigbjørn. "Ninyi mlikuwa mkivua juu kidogo ya hema lake asubuhi. Mliona kitu?"

Kikombe kilikuwa mkononi mwa Sigbjørn. Alihisi macho ya mkewe.

"Hatukuona kitu," alisema. Halafu, kwa sababu kimya kilimtisha, akaongeza: "Wageni hawaujui mto huu."

Walirudi nyumbani. Oddveig alichemsha viazi, akakaanga samaki wa baharini, akaandaa meza. Sigbjørn aliinamisha kichwa aombe kama kawaida. Midomo ilifunguka lakini sauti haikutoka. Alijaribu tena.

"Mbona huombi?" Oddveig aliuliza.

"Siwezi."

"Hata mimi siwezi. Mikono iliyomshika ni yangu." Aliiweka mezani kana kwamba si yake. "Yule mtu anafunga hema lake sasa hivi, Sigbjørn. Kesho tutakwenda kwenye nyumba ya sala tuimbe, na yeye atakuwa njiani akiitwa mwongo."

Sigbjørn alifikiria Halvard. Alifikiria wazee, na shemeji, na kofia kwenye msumari. Alijua kwamba habari itafika kila jikoni bondeni kabla ya ibada. Aliona aibu hata ya kumtazama mkewe. Lakini chakula kilikuwa kinapoa, na kilikuwa hakijaombewa. Alisukuma kiti nyuma.

Aliutoa ubao kwenye gari akaubeba kwapani mpaka kibandani. Oddveig alitembea ubavuni mwake. Halvard, Aslaug na wengine walikuwa bado pale. Palle alikuwa amesimama na mzigo wake mgongoni, akirudisha kibali.

Sigbjørn aliuweka ubao chini mbele yao. Mstari wa penseli ulionekana wazi, na magamba yalikuwa yamekaukia juu yake.

"Mwachieni mgeni kibali chake," alisema. "Samaki yule nilimuua mimi. Nilimtoa majini nimchore. Mchana mliponiuliza, nilidanganya."

"Nami nilimshika," alisema Oddveig.

Hakuna aliyetania. Afadhali wangetania. Mzee aliyefanya mzaha mchana alitazama viatu vyake. Sigbjørn alimgeukia Palle akamwomba radhi. Sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba Palle ilibidi asogee kuisikia.

"Nimekusikia," Palle alisema. Alichukua kibali chake, akaenda kulisimamisha hema upya. Hakumpa mkono.

Halvard naye alimfuata hadi kwenye hema. Watu waliona wanazungumza, na waliona mwenyekiti amevua kofia.

Aslaug alibaki. Sigbjørn alimwambia kwamba kweli alidhani amefuata sheria, kwa kuwa samaki aliondoka akiogelea.

"Wengi wanadhani hivyo," Aslaug alisema. "Samoni anaweza kuogelea akaondoka mbele ya macho yako, akafa baadaye mahali asipoonekana. Kumrudisha si kumtupa majini. Kumrudisha ni kumwacha akiwa na nguvu za kuishi. Njooni."

Aliwapeleka kwenye maji mafupi. Alichukua kipande cha gogo kiwe samaki wao. Akawaonyesha kwamba mikono hulowekwa kwanza, kwa sababu mikono mikavu hubandua ute, na ule ute ndio unaomkinga samaki na magonjwa. Alishika gogo kwenye ncha yake kama anayeshika shina la mkia, mkono wa pili ukiwa chini ya tumbo. Matamvua hayaguswi. Ndiyo mapafu yake.

"Anabaki majini muda wote," alisema. "Ndoana unaitolea humo humo. Ikiwa imeingia ndani sana, kata mshipi karibu na kinywa. Usimchezee muda mrefu, mlete upesi kabla hajaishiwa pumzi. Halafu mwelekeze kichwa kunakotoka maji, umsubiri. Usimsukume. Akiwa tayari, atajitoa mkononi mwako mwenyewe."

Oddveig aliuliza kuhusu joto. Aslaug alimjibu kwamba maji yaliyopata joto hayana hewa ya kutosha kwa samaki, na samaki aliyepigana kwenye maji ya namna hiyo hupona kwa shida hata ukimshika vizuri. Ndiyo sababu chama kiliomba watu wavue alfajiri. Aliongeza kwamba wavuvi wanaporipoti samaki waliowapata, waripoti pia waliowarudisha. Na samaki akiumia hata akaonekana hawezi kupona, mvuvi amuue upesi asiteseke, kisha amwite mlinzi siku hiyo hiyo.

Mwishoni alimpasua yule samoni jike aliyekufa kwa kisu. Mayai yalijaa viganja vyake vyote viwili na mengine yakamwagikia kwenye majani, mekundu kama matunda madogo ya porini. Yalikuwa maelfu.

"Haya ndiyo yangekuwa mto wetu," alisema. "Majike wakipungua chini ya idadi inayotakiwa, mto utafungwa usivuliwe kiangazi kijacho. Kwa wote."

Sigbjørn aligeuza uso. Alimwomba Aslaug auchukue ule ubao, awaonyeshe watoto shuleni. Hakutaka kuuona tena nyumbani.

Chama kilimfungia Sigbjørn kuvua kwa muda uliobaki wa msimu, na kikasema ombi lake la kibali cha mwaka ujao litaamuliwa na wanachama wote. Jumapili alikwenda kwenye nyumba ya sala, akakaa benchi la nyuma. Alipoulizwa habari ya mtoni, alieleza yote, kila mara upya, na kila mara shingo yake ilipata moto.

Oktoba, samoni walipoanza kutaga, Halvard alitafuta watu wa kusaidia kuhesabu. Kazi ile ni ya baridi na haina malipo. Waogeleaji waliovaa miwani hushuka na maji wakihesabu samaki, na wengine hutembea ukingoni. Sigbjørn na Oddveig walijitolea. Aslaug aliwaonyesha mashimo meupe kwenye changarawe. Jike hulala ubavu, akapiga mkia, akachimba, kisha akafukia mayai. Sigbjørn alisimama ukingoni akimtazama mmoja akichimba, mkubwa kama yule wake. Machozi yalimtoka. Alimwomba Mungu amsamehe, naye Oddveig akaitikia amina taratibu.

Majira ya baridi habari nzuri ilifika. Majike walikuwa wametosha, kwa tofauti ndogo sana. Mto haungefungwa.

Siku ya ufunguzi wa msimu, mwezi wa Juni, wavuvi wote walikutana kibandani kama ilivyo kawaida. Kulikuwa na kahawa na keki za moto. Palle alikuwepo pia, amerudi kutoka Denmark. Kabla ya mtu yeyote kuingiza mshipi majini, Halvard alisema kuna jambo la kuamua. Sigbjørn alikuwa ameomba kibali. Je, apewe?

Shemeji yake alisema kwamba apewe, ila aende mtoni na mchungaji, asije akadanganya tena. Wachache wakacheka. Sigbjørn hakucheka. Alisimama, akavua kofia. Alisema hana haki ya kudai kitu, na kwamba wakikataa hatalalamika.

"Kuua yule samaki lilikuwa kosa la ujinga na la kiburi," alisema. "Lakini linaloniamsha usingizini ni lile la pili. Mlipomcheka mtu huyu, mimi nilikuwa na kikombe mkononi, nikasema sikuona kitu."

Alimtazama Palle. Palle hakuondoa macho.

"Basi sema utafanya nini," alisema Halvard. "Sote tunasikia."

"Naahidi mbele ya Mungu, mbele ya mke wangu, na mbele yenu," Sigbjørn alisema, na safari hii sauti yake ilifika mpaka nyuma. "Jike nitakayemnasa hatatoka majini. Maji yakipata joto, nitakwenda nyumbani. Na nikikosea tena, nitakuja hapa mwenyewe kusema, siku hiyo hiyo, kabla hajashukiwa mtu mwingine yeyote."

Halvard aliuliza tena kama apewe, na wanachama wakainua mikono kumkubali.