Saa za Kulala za Rubani Ingunn

Je, wewe umewahi kusinzia ukiwa umesimama? Ingunn alisinzia hivyo asubuhi ile, zizini kwa baba yake, chupa ya maziwa mkononi. Mwanakondoo akampiga kichwa gotini, akazinduka.

"Amka, rubani!" baba yake, mzee Sjur, akamtania. "Huko angani nani anakuamsha?"

Ingunn akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

Yalikuwa majira ya kondoo kuzaa. Mzee Sjur alikuwa mjane, na nyonga yake mbovu. Kwa hiyo Ingunn akitoka kazini mjini Bergen, huvua sare, huvuka kwa feri, huvaa buti. Usiku uliopita hakulala kabisa. Kondoo mmoja mtoto wake alikaa vibaya tumboni, mpaka Ingunn akaingiza mkono kumgeuza.

Na jioni hiyo alikuwa na kazi: kurusha ndege iliyojaa watu hadi Tromsø, kaskazini mwa Norwe.

Akala mkate na jibini ya kahawia. Akanywa kahawa. Akanawa mikono mara mbili, maana harufu ya kondoo haitoki upesi. Akaendesha gari hadi gatini, akawa wa kwanza kwenye foleni. Feri ilikuwa bado mbali. Akakanyaga breki, akasubiri.

Mguu ukalegea. Gari likaanza kuteremka polepole kuelekea majini. Mbele palikuwa na mnyororo tu.

Honi ikalia! Honi ndefu, isiyokoma. Ingunn akafumbua macho, akayaona maji, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likasimama, pua yake imeugusa mnyororo.

Aliyepiga honi alikuwa jirani yao, Oddlaug, rubani mstaafu. Alikuja mbio, akafungua mlango, akazima gari, akautia ufunguo mfukoni mwake.

"Shangazi, nipe ufunguo. Feri inakuja."

"Acha ije. Umelala lini?"

"Kampuni imenipa saa zangu za kupumzika, kamili. Ratiba haina kosa."

"Kampuni imekupa, sawa. Wewe umezipeleka wapi?"

Ingunn akaitazama feri.

"Zizini," Oddlaug akajijibu. "Sikiliza, mwanangu. Siku zako za mapumziko ni zako. Zalisha kondoo, panda mlima, zima simu, hakuna wa kukuuliza. Lakini zile saa kabla ya safari umepewa ulale. Sheria imeufunga mzigo huu pande mbili. Kampuni lazima ikupe muda. Wewe lazima uutumie kupumzika. Na ukijiona umechoka, hata kama ratiba ni safi, huruhusiwi kurusha ndege."

"Lakini bado niko kwenye majaribio ya kazi! Wataniona mvivu."

"Utaandika taarifa ya uchovu, basi. Haifai mtu aadhibiwe kwa kusema kweli. Labda mpangaji ratiba atanuna. Mwache anune! Ila piga sasa hivi, apate muda wa kumwita rubani wa akiba."

"Na wakinifukuza?"

"Ingunn, hapa umezuiwa na mnyororo. Huko juu kuna mnyororo?"

Ingunn akapiga simu.

"Ingunn hapa. Leo sifai kurusha ndege."

"Unaumwa?" mpangaji ratiba akauliza.

"Siumwi. Sijalala. Nimechoka."

Upande wa pili zikasikika karatasi zikipekuliwa.

"Haya," sauti ikasema mwishowe. "Namwita wa akiba. Taarifa utaandika ukiamka. Nenda kalale."

Oddlaug akaliegesha gari la Ingunn kando, wakapanda lake.

"Bado mmoja," Oddlaug akasema, akiwasha gari lake. "Yule wa zizini. Huyo ni mgumu kuliko kampuni."

Mzee Sjur alipowaona akauliza, "Umesahau nini tena?"

"Baba, nusura nitumbukie baharini. Nilisinzia kwenye usukani. Kuanzia leo, nikiwa na safari kesho yake, sikeshi tena na kondoo. Tutafute msaidizi."

Mzee akakaa juu ya ndoo. Hakutania. Ingunn akapanda chumbani, akalala hadi kesho yake.

Majira ya baridi yalipofika, Ingunn aliomba mapema kazini wampangie siku zake za mapumziko zifuatane, ziangukie wakati wa kondoo kuzaa. Akapewa. Majaribio alikwishayamaliza salama, na ile taarifa haikumharibia kitu. Kabla ya kila safari alilala Bergen, mapazia yamefungwa. Naye mzee Sjur akaajiri msichana mmoja hodari, anayewaimbia kondoo wakati wa kuzaa.

Mchana mmoja, kondoo walipoanza tena kuzaa, baba na binti walikaa mezani na kahawa yao, bila haraka. Msichana alikuwa zizini.

"Msaidizi ningempata tangu zamani," mzee Sjur akasema, akikizungusha kikombe.

"Sasa mbona hukumtafuta, baba?"

Mzee akakiweka kikombe chini.

"Niliogopa. Nilidhani bila kazi hutakuja. Shida haikuwa kondoo. Nilitaka uje tu, mwanangu, ukae hapa."